Wauza kamera, andikeni jina la lenzi kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauzaji wa kamera, na zaidi nizungumze na vijana wanaodunduliza pesa wanunue kamera yao ya kwanza.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja kwangu na boksi mkononi, shikamoo ameitoa akiwa bado mlangoni. "Mama mdogo, nimeipata!" Alikuwa ametoka Dar es Salaam, na pesa ilikuwa ya mkopo ambao mama yake aliuchukua kwenye kikoba. Ndani ya boksi mlikuwa na Nikon D3200 ya mtumba na lenzi ya 50mm f/1.8. Nilifurahi, maana lenzi ya namna hiyo, inayoingiza mwanga mwingi, ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Kisha nikaigeuza nisome maandishi yake. Imeandikwa AF, si AF-S, na baada ya 1.8 pana herufi D.

Nikamwambia, "Baba, hebu ifokasi." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Lenzi kimya.

Lenzi ile haina mota ndani yake ya kufokasi, yaani ya kuifanya picha ionekane wazi; zenye mota ni zile za AF-S. Inazungushwa na mota ya kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, na D3200 haina mota hiyo, kama zisivyokuwa nayo ndugu zake wote wa D3000 na D5000. Ungeifunga kwenye D90 au D7000 ingefanya kazi vizuri kabisa. Kamera nzima, lenzi nzima, ila hazikupaswa kuuzwa pamoja kwa mtoto anayejifunza. Anaweza kufokasi kwa mkono, ndiyo, lakini bibi harusi akishaingia ukumbini hamsubiri mtu. Alipopiga simu dukani akajibiwa kwamba mali ikishatoka hairudi. Risiti yake imeandikwa "kamera na lenzi", basi.

Mhariri, hilo liliniuma kwa sababu nami nilipita njia hiyo. Mwaka 2012, zamu yangu ya upatu ilipofika, nilinunua Canon EOS 600D kwa shilingi 1,100,000. Muuzaji alinisifia megapikseli 18, nami nikarudi Tanga nikimhadithia kila mtu hizo 18. Lenzi ilikuwa ile inayokuja na kamera, 18-55mm, na hakuna aliyenieleza neno juu yake. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa harusi ya binti wa mtaa wa pili. Mchana uani picha zilitoka safi. Usiku ukumbini taa zilikuwa hafifu, na wenye shughuli walinikataza flashi kwa kuwa ilikuwa ikimchoma bibi harusi machoni. Nikavuta lenzi hadi 55 nipate mikono yake. Ilikuwa imechorwa hina na piko toka ncha za vidole hadi kwenye viwiko, kazi ya saa nyingi ya mchoraji. Nilipokuja kuzifungua picha kwenye kompyuta, maua yote yalikuwa yamevurugika, mkono unaonekana kama umepakwa tope. Mama wa binti alizitazama moja moja, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na zile za mikono ziko wapi?" Nilirudisha nusu ya malipo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mwenye studio. Alinieleza kwamba lenzi ile ukishaivuta hadi 55, tundu lake halifunguki kupita f/5.6. Namba ikipungua ndipo tundu linapokua: f/2 inaingiza mwanga mara 8 ya f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nilikuwa nimeshaipandisha hadi 3200, na bado spidi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linabaki wazi, ilikuwa 1/15 ya sekunde. Mkono wa mtu anayecheza hautulii muda wote huo. Akaniazima 50mm yake ya plastiki, nyepesi hata nikaidharau. Nikaiweka f/2 katika mwanga kama ule ule, spidi ikapanda hadi 1/125, na hina ikaonekana jani kwa jani. Kamera ni ile ile, na megapikseli ni zile zile 18.

Ndiyo maana kijana akiniuliza anunue kamera gani, mimi namuuliza anataka kupiga nini, na saa ngapi. Wa harusi na mahafali ya ndani, hiyo 50mm f/1.8 haikwepeki, hata kama bodi italazimika kuwa ya zamani. Lakini 18-55 asiiuze. Kwenye kamera hizi za kuanzia 50mm inabana picha kama ambavyo 75mm au 80mm hivi ingebana kwenye kamera kubwa za bei ghali, na katika sebule zetu utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta kabla ukoo mzima haujaenea. Anayetaka kupiga mpira pale Mkwakwani, jua la saa kumi linamtosha kwa 55-250mm ya bei nafuu. Bodi zinapitwa na wakati upesi. Tangu Canon na Nikon watoe kamera zao zisizo na kile kioo cha ndani kinachoakisi picha hadi jichoni, za EOS R na Z mwaka 2018, wengi wanauza za zamani. Lenzi ya Canon ya aina ya EF uliyoinunua leo utaifunga kwenye EOS R kesho kwa adapta, na itafokasi.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la kuvu. Unyevu wetu unaipenda lenzi. Kabla hujatoa pesa, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo, irudishe. Zangu nazilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Na uende dukani na memori kadi yako, upige picha pale pale kwa lenzi ile ile utakayoondoka nayo.

Sasa wauzaji. Fundi anayeuza spea za pikipiki hapa Ngamiani hakupi hata plagi kabla hajakuuliza pikipiki yako ni aina gani. Ninachowaomba ninyi ni hicho hicho: mwulizeni mteja, mwacheni ajaribu dakika kumi betri ikiwa na chaji, na muandike kwenye risiti jina zima la lenzi, herufi zote, AF au AF-S, D au G. Ni mstari mmoja wa kalamu. Risiti ya namna hiyo ingempa mwanangu pa kuanzia alipopiga simu.

Lenzi yake ya D imechukuliwa na mwenzetu mwenye D90. Pesa iliyopelea ya kununulia AF-S nimeiongeza mimi, naye ameiandika deni kwenye daftari lake. Jumamosi hii ana mahafali ya madrasa, kazi yake ya kwanza ya kulipwa.

Mpiga picha wa harusi,
Ngamiani, Tanga