Babu hakututilia chumvi

Mamangu, shikamoo,

Natumai nyote hapo Majengo mu wazima na goti la babu limepata nafuu. Mie alhamdulillah, baridi ya Chicago tu ndo sijaizoea. Jumapili sikuwa na shifti nikaenda ile makumbusho kubwa iko kando ya ziwa, Field Museum.

Ukiingia tu wakuta ndovu wawili wa Afrika wapigana, na ukumbi huo huo kuna dude la dinosau, mfano tu ulotengenezwa, urefu wake mita 37. Kwengine yuko wa mifupa yake mwenyewe, wamuita SUE, alipatikana South Dakota 1990. Nilipita mbio mama, mie nilikuwa natafuta simba.

Wakumbuka stima ikipotea babu akituhadithia barazani, simba wa Tsavo walokuwa wakiingia mahemani usiku wakiburuta mafundi wa reli? Basi wako huku, wote wawili, ndani ya kioo. Nilisimama nikawatazama weee, kisha moyo ukanianguka maana ni wadogo! Na hawana manyoya ya shingoni. Babu alitwambia ni madume ya ng'ombe, nikasema basi miaka yote hii alikuwa atutilia chumvi.

Kumbe sivyo. Patterson, yule Muingereza alokuwa akijenga daraja la reli pale, aliwaua Disemba 1898 akafanya ngozi zao mazulia ya nyumbani, zikakaa chini miaka kama 25 mpaka 1924 akawauzia makumbusho kwa dola 5,000. Ngozi zishapunguzwa pembeni, zishachakaa, kwa hivyo walipozijaza wakatoka simba wadogo kuliko walivyokuwa hai. Yule wa kwanza alipouawa alipimwa karibu mita tatu, puani mpaka ncha ya mkia! Mwambie babu nimemuomba radhi pale pale.

Hesabu ya watu lakini hataipenda. Yeye husema 135, na Patterson pia ndo alivyosema, ila wataalamu wamepima mifupa na nywele za hao simba wakakisia walokula ni kama watu 35. Mmoja alikuwa na chonge limevunjika na jipu kwenye mzizi wake, yadhaniwa ndo mana akaona heri binadamu kuliko kupambana na nyati. Mie hiyo 35 haijanipunguzia uchungu hata kidogo. Watu wametoka Bara Hindi na jahazi, wengine huku huku kwetu, reli ikaanzia hapo Mombasa 1896, wakapanda nayo mpaka Tsavo na hawakurudi.

Nilikaa karibu saa nzima, watoto wapita wapiga picha, mie nawaza gari la moshi la usiku, tukikaribia Tsavo babu alikuwa akitunyamazisha sote akawaombea wale mafundi, awe Muislamu awe Banyani, kwake yeye wote ni waja wa Mungu. Nimewaombea na mie, kimya kimya. Na simba nao mama, roho yangu yataka warudi nyumbani.

Mwambie Salim amrekodi babu hadithi yote anitumie kwa WhatsApp, asimkatize hata babu akirudia. Na amuulize wale wazee wa reli walomhadithia yeye walikuwa wakiitwa nani, nataka kuyaandika majina yao.

Mwanao,
Mwanaisha