Mtoto wangu haazimwi: barua ya wazi kwa Waziri wa Huduma za Jamii, Kaunti ya Nakuru

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi cherehani, nashona karibu na soko la Wakulima, na huenda hata sare ya shule ya mtoto wako iliwahi kupita mikononi mwangu. Sikuandikii kuhusu vibanda wala ushuru wa soko. Hayo yana wenyewe. Nakuandikia kuhusu laini ya bembea, yaani foleni ya kupanda michezo ya watoto kwenye uwanja wa burudani. Najua ukisikia hivyo unatamani kuiweka barua chini, lakini nivumilie kidogo.

Wiki ya Krismasi jirani yangu alinibishia mlango asubuhi mapema. Amevaa amependeza, watoto wake watatu wako nyuma yake wamepakwa mafuta wanang'aa. "Mama Boi," akaniambia, "najua wewe msimu huu una kazi nyingi. Niazime kijana leo, tutoke naye." Nilifurahi, Mheshimiwa. Kijana wangu ana miaka 11 na sikumbuki mtu aliyewahi kuniomba atoke naye. Nikainama chini ya kitanda kumtafutia viatu. Ndipo kale kabinti kake kadogo kakaropoka: "Tukiwa na yeye hatupangi laini."

Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Kijana wangu ana usonji, ile hali wanayoiita autism. Ukimwona amesimama hutajua lolote: mrefu, miguu imara, uso wa baba yake. Maneno yake ni machache. Akiwa na furaha huzungusha kifuniko cha soda kwenye vidole mpaka wewe unayemtazama ndiye unayeshikwa na kizunguzungu. Kinachomshinda ni kelele na msongamano. Weka jenereta inayonguruma, spika mbili zinazoshindana, na watu arobaini wanaosukumana juani, na kufikia dakika ya kumi ataanza kujiuma mkono. Ikifika ya kumi na tano yuko chini mavumbini. Hapo utawasikia wazazi wenzangu. "Mtandike huyo." "Amedekezwa." Mzee mmoja alinishauri nimpeleke akaombewe, na alikuwa akinishauri kwa upole kabisa, kwa hiyo hata kumjibu nilishindwa.

Lakini mpandishe kile kitreni cha watoto, uone. Kitreni kinapita njia ile ile, kengele inalia pale pale, kila mzunguko. Yeye ameshaijua. Sekunde moja kabla haijalia huinua kidole, na kengele inalia, kana kwamba yeye ndiye aliyeiamuru. Anacheka kwa sauti ambayo nyumbani siisikii.

Uwanja wenyewe sitautaja, kwa sababu sikuja hapa kumfungia mtu biashara. Ni hapa hapa mjini. Palikuwa na geti dogo la pembeni kwa watu wenye ulemavu. Unaonyesha kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, au unajieleza kwa kijana wa getini, unapita moja kwa moja hadi kwenye mchezo. Kwa miaka miwili lile geti ndilo lililotuwezesha kutoka siku ya sikukuu kama familia nyingine.

Siku iliyofuata Krismasi nilimpeleka mwenyewe. Laini kubwa ilikuwa imezunguka mpaka kwenye kibanda cha soda. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni laini ya geti dogo, ambayo huwa na watu watatu wanne, na siku hiyo ilikaribia hamsini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi. Pale getini ungedhani ni nusu ya Nakuru. Kulikuwa na kijana mwenye mkongojo aliyekuwa akichechemea mguu wa kulia. Akapigiwa simu, akasahau, alipomaliza kuongea akaendelea na wa kushoto. Na kulikuwa na kiti cha magurudumu chenye utepe wa buluu uliofungwa upande mmoja. Mimi ni mtu wa vitambaa, utepe huo niliuona mara moja. Kilipita na mama wa gauni la kitenge. Baada ya robo saa kikapita tena, safari hii na msichana wa jinzi. Kisha na mwanamume mzima mwenye kofia, anatafuna mahindi ya kuchoma. Kilikuwa kinakodishwa nyuma ya kibanda, shilingi 200 kila safari.

Nisieleweke vibaya. Wako watu wanaotumia kiti cha magurudumu na bado wanaweza kusimama na kupiga hatua tatu nne. Si kila anayeinuka kitini ni mwongo, na mimi, kwa mtoto niliye naye, ni mtu wa mwisho kumpima mwenzangu kwa macho. Ila kiti kimoja hakiwi na wenyewe watatu ndani ya saa moja.

Tulipofika mbele, kijana wa getini alikuwa amechoka kudanganywa. Simlaumu sana. Alinitazama, akamtazama mwanangu kuanzia kichwani hadi viatuni. "Huyu ni mlemavu wa wapi, na anatembea?" Alisema kwa sauti, watu wakageuka. Nikaanza kuitafuta kadi mkobani. Nikatoa futi ya kupimia, nikatoa kijaluba cha pini, leso, ufunguo wa kibanda, kadi haionekani. Nilipoipata mtoto alikuwa ameshajiuma. Nilimfunga mkono kwa ile leso tukatembea hadi stejini, kengele ya kitreni tunaisikia nyuma yetu, na kila ilipolia aliinua kidole. Kwa umbali ule alikuwa akichelewa kidogo.

Januari geti lilifungwa. Tangazo limebandikwa: kwa sababu ya udanganyifu, kila mtu apange laini. Mwenye uwanja namwelewa. Waliokuwa wamesimama juani kwenye laini kubwa walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini angalia ni nani aliyelipa deni. Yule wa mkongojo amerudi laini kubwa, anangoja dakika 40, anapanda. Mwanangu hapandi tena.

Nilidhani hii ni janja ya Nakuru, kumbe wapi. Mteja wangu mmoja aliniambia hata kwa wazungu yapo, nikawa nasoma kwenye simu usiku baada ya kazi. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba kina mama matajiri wa Manhattan walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wawe nao Disney World, uwanja mkubwa wa burudani kule Florida, Marekani, kwa dola 130 kwa saa, ili watoto wao wapitishwe mlango wa pembeni. Jirani yangu alitaka bure, angalau wale walilipa.

Kilichonivutia zaidi ni walichofanya Disney baada ya hapo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo waliiondoa kadi ya zamani, ile iliyokuwa ikiwapitisha watu mbele, wakaweka utaratibu wa saa ya kurudi. Unafika kwenye mchezo, wanaangalia laini ya wengine itachukua muda gani, wanakupa saa ya kurudi inayokaribiana na muda huo. Unangoja kama wanavyongoja wengine, ila hungoji ukiwa umebanwa kwenye msongamano. Unaweza kwenda kukaa kivulini, au msalani, au ukazunguka na mtoto wako hadi saa ifike.

Si wote walioridhika. Kuanzia 2014 familia za watu wenye usonji zilienda mahakamani, zikisema kwa baadhi yao kungoja kwenyewe, hata kivulini, ni mateso. Naziamini. Kuna siku hata saa ya ukutani huwezi kumwonyesha wangu. Kisha mwaka 2024 Disney wakakaza kamba zaidi: nafasi hiyo ikalenga hasa wenye usonji na ulemavu wa ukuaji unaofanana nao, mwombaji anahojiwa kwa video, na anayepatikana amedanganya anapigwa marufuku moja kwa moja. Hapo wakajikuta nje watu wenye maradhi ya kweli yasiyoonekana kwa macho, watu wa matumbo na viungo, ambao miaka yote walikuwa wakisaidiwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimepata maoni yangu, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Njia ya Disney ya 2013 naiomba. Ya 2024 naiogopa. Mahojiano makali humnasa mkweli kabla ya mwongo, kwa sababu mwongo amejiandaa na mkweli anatetemeka akitafuta kadi chini ya futi na pini.

Na kadi yenyewe, usidhani kila anayeistahili anayo. Lazima daktari wa hospitali ya serikali amtathmini mtu na kujaza fomu kabla Baraza halijamsajili. Mimi nilianza kuzunguka na mwanangu akiwa na miaka 3, na neno usonji nililisikia kwa daktari akiwa na miaka 7. Kwa miaka minne sikuwa na karatasi yoyote, na mtoto alikuwa yule yule. Ukimwambia kila mzazi alete kadi, unawafungia nje waliokuwa kama mimi wakati ule. Isitoshe, pale panapokuwa na faida, hata karatasi hutafutwa kwa njia za panya. Kadi hiyo hiyo ndiyo mlango wa msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, na wewe ni mtu wa serikali, unawajua watu wetu.

Sasa niungame, maana nimewasema wengine vya kutosha. Mwaka juzi wapwa zangu walikuja kutoka Molo, sita. Tulienda wote, na pale geti dogo nilisema "tuko pamoja". Tulipita wanane kwa kadi moja. Waliokuwa laini kubwa walituona. Sikuona aibu siku hiyo. Niliona kama mwanangu kwa mara ya kwanza amewafaa binamu zake. Niliiona siku ile nimeshika kiatu.

Katiba, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia mahali kote kwa njia inayofaa. Bunge limetunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Mimi si wakili, sitakuchosha na vifungu. Ninachojua ni kwamba uwanja wa bembea hauwezi kufunguliwa mjini hapa bila leseni ya kaunti, na waziri mwenzako anayeshughulikia biashara ofisi yake haiko mbali na yako. Ongea naye. Mwenye leseni aambiwe hivi: geti dogo lifunguliwe, ila lisiwe la kupita mbele. Liwe la kupewa saa. Kijikaratasi tu, hata cha daftari la shule, kimeandikwa "rudi saa tano na nusu" na kupigwa muhuri. Anayeomba asihojiwe mbele ya umati. Mwenye kadi aonyeshe, asiye nayo ajieleze kwa maneno mawili, aandikiwe saa, na aongozane na watu wasiozidi watatu. Wapwa wengine wapange laini kama watoto wa watu.

Utaniuliza, na mwongo je? Mwongo atapewa kijikaratasi, atangoja dakika 40 zile zile, atapanda. Atakuwa amefaidi kivuli cha mti. Mwache afaidi. Hakuna atakayelipa shilingi 200 kukodi kiti cha magurudumu ili akangoje.

Kwa wale ambao hata kungoja kivulini hawawezi, kuna dawa rahisi zaidi. Jumamosi, saa tatu hadi saa nne asubuhi, uwanja huwa mtupu. Vijana wa pale wanapanguza vumbi kwenye viti na kupiga soga. Saa hiyo moja spika zizimwe na watoto kama wangu waingie kwanza. Jenereta siwezi kuiombea izimwe, kitreni hakitatembea, lakini inaweza kusogezwa nyuma ya ukuta. Nimepima kwa hatua, nafasi ipo.

Jirani yangu bado tunasalimiana. Alinipa kitambaa nimshonee binti yake gauni la Pasaka, nikamshonea, sikumwongezea bei. Ila kuhusu kijana nilimwambia: siku ukitaka kutoka naye kwa ajili yake, njoo, hata kesho. Hajaja bado.

Wewe nakualika vilevile. Jumamosi yoyote utakayoamua kwenda kuuangalia uwanja ule, nitumie ujumbe kupitia ofisi ya wadi, tutakukuta hapo nje ya geti. Mkipelekwa ndani, kaa naye behewa la nyuma, ndilo lake, na usimshike bega ghafla. Na tafadhali usije na ving'ora.

Wako mwaminifu,
Mama Boi,
fundi cherehani, Nakuru