Tunaogopa kumtaja mwenye kosa

Mhariri,

Msomaji mmoja wiki iliyopita aliandika kwamba vita vya mbali havituhusu, tuhangaikie foleni ya Mbagala. Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu iko Kurasini, foleni hiyo naijua. Lakini tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi, wale waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, wateja wangu wenye mizigo ya Uturuki wananipigia na swali lile lile: "Mzee, meli iko wapi?" Iko Rasi ya Tumaini Jema. Badala ya kukata Mfereji wa Suez, inazunguka karibu Afrika nzima. Kontena la Guangzhou halipiti Suez kabisa, ila nalo nauli yake ilipanda 2024, kwa sababu meli zikikaa baharini muda mrefu, nafasi inakuwa finyu kwa kila mtu. Ukimweleza hivyo mfanyabiashara wa Kariakoo anakutazama tu. Anajua umeweka cha juu.

Vijiweni wanasema chanzo cha vurugu ni wakubwa kugombea mali. Sibishi, ila wakubwa wamegombea mali tangu enzi za babu zetu. Kilichozidi sasa ni kwamba mvunja sheria hapati hata aibu. Marekani na Uingereza ziliingia Iraq mwaka 2003 bila ruhusa ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Urusi ilivamia Ukraine Februari 2022, na azimio la kuilaumu lilipofika mezani ikalizima kwa kura yake ya turufu, tena ikiwa yenyewe ndiyo mwenyekiti wa Baraza mwezi huo. Maazimio ya kusimamisha vita Gaza, Marekani imeyazima mara kadhaa. Turufu hiyo tunaijua sisi; ndiyo iliyomkwamisha Mtanzania mwenzetu Salim Ahmed Salim mwaka 1981 alipowania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Hapo kila Mtanzania ataniunga mkono. Sasa niseme lisilopendeza.

Oktoba 1978 nilikuwa darasa la tano. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Mwalimu akatutangazia kwamba uwezo tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Watu wanaikumbuka hotuba hiyo, wanasahau kilichomkera: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituomba tusimamishe mapigano na kukaa mezani, bila kumlaani aliyevuka mpaka. Ulitupima mzani mmoja na mvamizi.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio, 5 zikapinga, 35 zikakaa kando. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35. Tukaambiwa ndiyo kutofungamana na upande wowote. Hapana. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuuzima utawala wa walowezi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, na haikuwa imefungamana na mtu.

Nchi isiyo na mabomu haina ngao nyingine zaidi ya sheria ya mipaka. Tukiinyamazia inapovunjwa kwa jirani wa mbali, jirani wa karibu anatuona. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana hapa hapa Dar es Salaam, wakataka mapigano yakome na majeshi ya kigeni yasiyoalikwa yaondoke Kongo. Majeshi ya nani, hawakutaja. Haikupita wiki mbili, Bukavu nayo ikatekwa.

Nina mteja wa Bukavu. Alinipigia siku zile akaniambia nisipakie mzigo, niuweke kwanza ghalani. Ushuru wa ghala tunagawana nusu kwa nusu, na kila mwisho wa mwezi ananiuliza kama nimesikia lolote.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam