Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: zishusheni picha za Gwalior

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima. Kila tulipoandika kuhusu picha zenu za kale tulijibiwa kuwa "suala linashughulikiwa". Wiki hii tumeona linavyoshughulikiwa: albamu ya ziara ya Mwanamfalme wa Wales nchini India, 1875–76, imebanduliwa kurasa, na picha za kasri la Jai Vilas, mjini Gwalior, zimetundikwa mkabala na dirisha la magharibi. Hongera, ukumbi unapendeza.

Mwanga huo ndio unaoziua. Karatasi ya picha hizi ni nyembamba mno. Ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, ikaloweshwa nitrati ya fedha, ikalazwa juani chini ya kioo cha negativu (taswira ambayo mwanga na kivuli vimebadilishana nafasi), kisha ikapitishwa kwenye maji ya dhahabu na ya "hypo", dawa ya kuizuia picha isiendelee kubadilika kwa mwanga. Ute ukipigwa na jua hugeuka njano. Unyevu nao huila fedha, na sehemu angavu ndizo hupauka kwanza. Jai Vilas ni jeupe, Mheshimiwa. Nakshi za kuta zake zitatangulia kutoweka, zibaki miti na vivuli.

Tena mtu amezifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Ute na karatasi havivimbi sawasawa vikilowa. Chukua lenzi utazame picha ya lango, kona ya chini kulia, utaziona nyufa.

Na kibao kinasema mpiga picha ni Samuel Bourne. Bourne alikwisha kuondoka India mwanzoni mwa miaka ya 1870, na kasri lilikamilika 1874. Alilipiga kwa darubini kutoka Uingereza? Studio ya Bourne & Shepherd ilibaki na jina lake na kuendelea kuuza negativu zake za zamani, kwa hiyo jina la studio halithibitishi mkono wa mtu. Inayosaidia ni nambari iliyokwaruzwa kwenye kioo cha negativu: ikisomeka kwenye picha, ilinganisheni na katalogi ya studio.

Kibao kinaweza kusubiri. Mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 40 usioyumba, fremu ambayo kioo chake hakigusi picha: hayo nayo yasubiri bajeti, kama kawaida. Picha haziwezi. Kazi hii haihitaji kamati wala mgeni rasmi. Inahitaji watu wawili wenye glavu, ngazi, karatasi isiyo na asidi na kabati lenye giza. Tafadhali, zishusheni leo, kabla jua la alasiri halijafika ukutani.

Wahifadhi wa picha za kale