Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Naomba chumba chenye mlango

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mama wa mtoto mmoja, na mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kama watumishi wenzangu: asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa kabla sijauona, na mwajiri huongeza 3 nyingine. Nakuandikia hadharani kuhusu maumivu ya nyonga baada ya kujifungua, jambo ambalo kwetu huzungumzwa chumbani kwa kunong'ona, tena na shoga mmoja tu. Nimenong'ona miaka mitano, imenitosha.

Nianze na kiti. Kwa miaka hiyo mitano sikukaa kwenye kiti kama watu wanavyokaa. Nilikaa kwa tako moja, la kulia, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Watoto wa darasa la nne waliniigiza wakati wa mapumziko. Niliwaona dirishani, na kwa kweli walinipatia. Kwenye bodaboda nilikuwa nanyanyuka kila tuta. Haja ndogo ilitoka kama imetiwa pilipili. Na kuhusu mimi na baba watoto, Mheshimiwa, niseme hivi tu: ilifika mahali nikisikia geti linagongwa jioni, mwili unajifunga kabla mwenyewe hajatoa salamu. Na huyo ni mtu ambaye hajawahi hata kunipandishia sauti.

Yalianza baada ya kujifungua, mwaka 2019. Niliongezewa njia, mtoto akalia, nikashonwa, tukamshukuru Mungu. Mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto mpaka arobaini ikatimia. Muuguzi akauangalia mshono akasema umepona vizuri, na ukiuangalia kwa macho ulikuwa umepona kweli. Kilichokuwa kinauma hakikuonekana kwa macho.

Vituo nilivyopita ni vinne. Sitavitaja, maana vyote vilinipa jibu moja: UTI. Ikiwa si UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, basi PID, maambukizi ya kizazi. Mkojo ukipimwa ukawa safi, naambiwa kuna wadudu wachache wamejificha. Nimemeza flajili hadi mate yakawa na ladha ya sarafu. Nimechomwa sindano siku tano mfululizo, asubuhi na jioni. Mume wangu naye akatibiwa, maskini, ugonjwa ambao hakuwa nao, na wiki ile nyumba ilikuwa kimya kwa sababu kila mmoja alikuwa anajiuliza mwenzake kautoa wapi. Katika kituo kimojawapo nilisoma bango zuri la kuonya juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yale mabango ya UVIDA yanayotundikwa kila Novemba. Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya kuchomwa sindano ambayo sikuihitaji.

Nje ya hospitali nako sikukosa matabibu. Niliambiwa ni chango la uzazi, nikachemshiwa mizizi. Shoga yangu mmoja, kwa mapenzi kabisa, aliniletea shabu imefungwa kwenye karatasi, nibane, kwa sababu kwa akili yake mwanamke aliyezaa kama ana shida huko basi amelegea. Na mtandaoni kila ukifungua simu kuna mtu anafundisha mazoezi ya Kegel, yaani kubana na kuachia misuli ya ukeni. Nikayafanya kwa bidii za kialimu, asubuhi, mchana na jioni. Maumivu yakazidi.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi sikuficha, nikazaa. Baada ya hapo ndipo nilipoambiwa nifiche.

Mwaka 2024 binamu yangu akanielekeza kwa mfiziotherapia mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli, mwanamke, Dar es Salaam. Treni ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria Juni ile, nikapanda kwa nauli ya shilingi 13,000, nikafika nimesimama karibu na mlango wa behewa njia nzima ingawa nilikuwa na kiti changu chenye namba. Jambo la kwanza alilofanya yule mama ni kufunga mlango. La pili, alikaa akaniuliza maswali kwa karibu saa nzima. Je, unasukuma unapokojoa? Unakwenda mara ngapi? Choo kinakuwa kigumu? Ulishonwa wapi? Unaumia mwanzo wa tendo au ndani zaidi? Unapokasirika unabana wapi? Katika vituo vinne hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja kati ya hayo, na yote yalikuwa na majibu.

Akanichorea. Kati ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma kuna misuli imetandikwa kama kitanda cha kamba. Wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Juu yake kimelala kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Kamba zikilegea, mkojo unavuja ukicheka au ukikohoa, na kizazi kinaweza kushuka. Kamba zikivutwa kupita kiasi, ndiyo hali yangu: misuli iliumia siku ya kuzaa, ikajikunja kujilinda, na haikuwahi kuambiwa hatari imekwisha. Ukikunja ngumi dakika moja haina shida. Ikunje miezi sita, uone kama mkono hautauma. Ukiuma unaogopa, ukiogopa unabana, ukibana unauma. Kibofu nacho kinakaa juu ya ngumi hiyo, ndiyo maana unahisi mkojo kila nusu saa wakati hakuna mdudu hata mmoja.

Na hapo nikaelewa habari ya Kegel. Arnold Kegel alikuwa daktari wa wanawake huko Marekani. Mazoezi yake aliyaandikia mwaka 1948, akiwalenga wanawake waliolegea na kuvuja mkojo baada ya kuzaa. Kwao ni dawa. Kwa mtu ambaye tayari amekunja ngumi ni kumwambia akunje zaidi. Sina ugomvi na marehemu, ugomvi wangu ni na wale wanaogawa zoezi moja kwa wanawake wote kama peremende za harusini.

Baada ya kuchora aliomba ruhusa. Glovu, jeli, kidole kimoja, na maneno haya: ukisema basi, naacha. Akapapasa taratibu, akafika mahali akauliza, "Hapa?" Nikalia. Palikuwa panauma, ndiyo, lakini nililia kwa sababu baada ya miaka mitano mtu alikuwa amepagusa penyewe.

Tiba yenyewe, Mheshimiwa, haina mashine ya kuagiza nje. Nilifundishwa kupumua hadi tumbo la chini lijae, na kuiachia misuli kila pumzi inaposhuka. Alikanda kovu la mshono, kisha akanifundisha kulikanda mwenyewe kwa mafuta. Nilipewa vipanuzi vya mpira, cha kwanza chembamba kama kidole kidogo, nikapanda kimoja baada ya kingine kwa kasi yangu mwenyewe. Nilifundishwa kuweka kigoda chini ya miguu ninapokwenda haja kubwa, na kuacha kukimbilia choo kwa tahadhari. Baba watoto aliitwa kikao cha nne akaelezwa yote kwa mchoro uleule, aliutazama mchoro muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe." Vikao tisa, miezi minne. Kila kikao pamoja na nauli na chakula kilimeza karibu laki moja, taslimu, kwa sababu kliniki ile haikuwa na mkataba na bima yangu. Hospitali zenye mkataba nilizokwenda hazikuwa na huduma hiyo.

Najua si kila maumivu ya nyonga yanatokana na misuli. Kuna maambukizi ya kweli, kuna uvimbe kwenye kizazi, kuna endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Mwanamke anayetokwa damu isiyoeleweka, mwenye homa au aliyeota uvimbe apelekwe kwa daktari kwanza, na yule mfiziotherapia wangu hakunigusa kabla ya kuona majibu ya vipimo na picha ya utrasaundi. Lakini hata mwenye endometriosisi, mwili unaouma kila mwezi huishia kubana misuli hiyohiyo, na dawa peke yake haitaifungua. Na tusiwasahau dada zetu wa Manyara, Dodoma, Singida, Mara na Arusha waliokeketwa. Sheria ya 1998 ilikataza kumkeketa mtoto wa kike, na ni vizuri. Waliokwisha kukatwa wamebaki na makovu hayo, wanaolewa nayo, wanazaa nayo.

Baada ya kupona nilikwenda kwenye idara ya fiziotherapia ya hospitali moja ya serikali, kuuliza tu. Nilikuta ukumbi mmoja mkubwa na mapazia. Mzee aliyepata kiharusi alikuwa anajifunza kupiga hatua, vijana watatu wa ajali za bodaboda walikuwa wanakunja magoti wakiguna, na mama mmoja alikuwa ameshika mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kazi inayofanyika pale ni kubwa, naiheshimu. Kijana wa zamu alinisikiliza, akashusha sauti: "Mwalimu, hili tuliligusa darasani. Lakini hebu angalia, nikufanyie wapi?" Nikaangalia. Pazia lilikuwa halifiki chini.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni chumba chenye mlango. Kimoja kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa, chenye kitanda, komeo kwa ndani, na mfiziotherapia wa kike aliyepata mafunzo ya ziada ya afya ya nyonga. Kuanzia sifuri hatuanzi: Moshi, pale hospitali ya KCMC, wafiziotherapia wanafundishwa miaka na miaka, na wengine wanatamani kujifunza hili. Halafu, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikwishapitishwa mwaka 2023, huduma hii iandikwe kwa jina lake ndani ya kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, ili daktari wa wilaya aweze kuandika rufaa badala ya kuandika sindano nyingine.

Nitaambiwa haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Ufaransa mama akijifungua huandikiwa vikao vya kurudisha misuli ya msamba, na bima ya taifa hulipa. Lakini Addis Ababa pia, katika hospitali ya fistula (tundu linaloachwa na uzazi mgumu, mama akavuja mkojo) iliyoanzishwa na madaktari mume na mke, akina Hamlin, mwaka 1974, fiziotherapia ni sehemu ya matibabu ya wale wanawake. Na hapa kwetu tunao mfano wa kujivunia. Kuna wakati mwenye fistula alifichwa chumba cha uani. Baadaye tukalitamka jina la ugonjwa redioni, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ikafika mahali pa kumtumia nauli ya M-Pesa mgonjwa aliye kijijini ili aje afanyiwe upasuaji. Aibu ileile, viungo vilevile.

Nitaambiwa pia kwamba vipaumbele ni vingi. Nakubali, na hapa nakupa sifa bila unafiki. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Dunia nzima iliona. Mimi ni mmoja wa waliobaki hai, nipo kwenye hesabu nzuri. Ndiyo maana nauliza habari za mama baada ya kuondolewa kwenye orodha ya hatari, maana kwenye kadi yangu hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba siwezi kukaa.

Na hili la mwisho halihitaji bajeti. Mwongozo wa wizara yako unamtaka mama arudi kliniki ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Niliporudi siku ya 42, mtoto alipimwa uzito, akaangaliwa kitovu, tukapewa tarehe ya chanjo. Mimi niliulizwa kama nimeshachagua njia ya uzazi wa mpango. Muuguzi aagizwe kuongeza swali moja: mama, unaumia unapokaa, unapokojoa, au unapokutana na mwenzio? Aulize mume akiwa nje. Aandike jibu.

Mwalimu mwenzangu amejifungua majuzi, mtoto wa kike, ameongezewa njia kama mimi. Siku yake ya 42 inaangukia mwezi ujao, katikati ya wiki. Nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nimsindikize. Nitamsubiri nje kwenye benchi la mbao, kwa kuwa siku hizi nakaa, na akitoka nitamuuliza wamemuuliza nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la nne,
Morogoro