Kwa mdogo wangu, uliyeuliza kama mizuka ilikuwepo

Mdogo wangu,

Ulinitumia ujumbe usiku wa manane: "Sasa ile mizuka ilikuwepo au haikuwepo?" Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wanaoandika hadithi za kutisha wamekwama hapo hapo.

Watu wanabishana kuhusu mizuka hiyo tangu mwandishi Henry James alipotoa riwaya yake fupi, The Turn of the Screw, mwaka 1898. Mwaka 1934 mhakiki wa Kimarekani, Edmund Wilson, alidai hakuna mzuka wowote. Yule mwalimu aliyeajiriwa kuwalea watoto wawili, Miles na Flora, anaona mambo ya kichwani mwake. Kweli, karibu yote tunayoyajua ametusimulia yeye. Kule ziwani ananyoosha kidole kuonyesha mzuka, Bi Grose, msimamizi wa nyumba, anakodoa macho asione kitu, na Flora anakana katakata.

Kesi imekwisha? Wapi! Rudi kwa yule mwanamume ambaye mwalimu alimwona dirishani. Mwalimu anamweleza Bi Grose alivyo: nywele nyekundu za kujikunja, hana kofia, kavaa nguo nzuri ambazo si zake. Bi Grose anamtambua: Peter Quint, mtumishi aliyekwisha kufa. Mwalimu hajawahi hata kusikia jina lake. Wanaomfuata Wilson wana majibu yao hapo, ila mimi hayajanitosha.

Tena mwalimu hadanganyi. Mwongo tungemshtukia mapema. Huyu anasimulia kwa utulivu, anajihoji, anajijibu, na kila jibu linampeleka mbali zaidi. Ukimwamini, watoto wanawindwa na wafu. Usipomwamini, wamefungiwa na mlezi asiye sawa, anayewapenda kupita kiasi, na ambaye mjomba wao alimwagiza asimsumbue kwa lolote. Mimi hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Miles anakufa mikononi mwake, na anayetueleza kilichomuua ni nani? Ni yeye huyo huyo.

Haya, tuje kwenye hadithi yako ya mlinzi wa usiku. Inakwenda vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, anapoibuka daktari kututangazia kwamba jamaa alikuwa na malaria kali. Umetupokonya kazi yetu! Mfute huyo daktari. Kama malaria unaitaka sana, ihamishie mwanzoni, kabla mlinzi hajaona chochote, na aitaje yeye mwenyewe kwa kuipuuza, anapomwambia mwenzake wa zamu: "Kahoma tu haka, kataisha."