Mwenyekiti, huyo staa anakuja kucheza au kupigwa picha? Barua ya wazi kutoka jikoni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Nakuita Mheshimiwa kwa kuwa barua hii inasomwa na watu. Ukija jikoni nitaendelea kukuita baba, na wewe utaendelea kufunua sufuria kabla hujanisalimia.

Kwa wasionijua, mimi ndiye ninayewapikia vijana wa klabu yetu ya mpira kambini hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Siku za mechi nakaa nje ya geti na beseni la sambusa na ndoo ya juisi ya ukwaju. Mpira sijaupiga hata kwa bahati mbaya, ila kadi ya uanachama ninayo na ada nimelipa, tena kwa wakati, jambo ambalo wajumbe wako wawili hawawezi kulisema mbele za watu.

Alhamisi iliyopita ulikuja kambini na yule wakala mwenye simu mbili. Vijana walikuwa kwenye jamvi wanakula, ukawaambia wasogee waone. Mkaonyesha klipu ya staa mnayetaka kumsajili dirisha dogo hili, la usajili wa katikati ya msimu. Nami nikasogea, mwiko mkononi. Jamaa anapiga chenga mbili, anafunga, anakimbilia kibendera cha kona. Tamu kweli. Lakini, Mwenyekiti, jezi aliyovaa mle ndani mwanangu aliivaa akiwa darasa la nne, na mwanangu sasa ana mtoto. Nilipouliza klipu hiyo ni ya lini, wakala akaisukuma kwa kidole, ikaja picha ya staa yuko jimu kanyanyua vyuma. Chema chajiuza, baba.

Jina la mchezaji silitaji. Hana kosa; kaitwa, anatafuta riziki kama sisi. Na kabla watu wa kijiweni hawajaniita adui wa maendeleo, niseme wazi kwamba ugomvi wangu hauko kwenye umri wake. Mwaka 1990 nilikuwa msichana, tukasikia habari za Roger Milla wa Kameruni, mtu wa miaka 38, anaingia kipindi cha pili Kombe la Dunia na kufunga. Mabao manne, na timu yake ikafika robo fainali. Na hapa kwetu tusiende mbali: msimu wa 2022/23 Saido Ntibazonkiza alianza Geita Gold, akahamia Simba kwenye dirisha dogo kama hili lenu, akamaliza kileleni mwa wafungaji wa ligi na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga. Alikuwa na miaka 36. Ng'ombe hazeeki maini, wahenga walisema, ingawa mpira hauchezwi kwa maini.

Tazama basi tofauti yake na huyu wenu. Ntibazonkiza alisajiliwa akiwa anacheza. Kabla ya kusaini alikuwa uwanjani msimu ule ule, na kila mtu alimwona. Huyu mnayemleta, mara ya mwisho kucheza dakika 90 ni lini? Nilimuuliza kocha pembeni, akanijibu, "Mama, mimi nimeambiwa nimpokee tu." Kocha anaambiwa ampokee! Kumbe kocha naye ni mgeni kwenye shughuli hii kama mimi.

Sasa nikueleze ninavyoijua biashara hii ya mastaa, maana hesabu ya watazamaji mimi naijua kwa sambusa. Utakumbuka, kabla hujawa Mwenyekiti, klabu ilimleta kiungo mmoja aliyewahi kuvuma sana Dar. Mechi ya kwanza sijapata kuona. Baiskeli zilifungwa kwenye miti mpaka miti ikaisha, bajaji zimejipanga barabara nzima, watu wametoka Muheza, wametoka Pangani. Nilikaanga sambusa mia tatu, zikaisha kabla ya mapumziko. Mechi ya pili nikakaanga mia tatu tena, nikarudi na mia na ishirini. Mechi ya tatu jamaa kifundo cha mguu, yuko benchi na miwani ya jua. Usiku ule familia yangu yote ilikula sambusa, na majirani wakala, na asubuhi tukazinywea chai.

Mtu akishamwona staa, kamwona. Hatarudi Jumamosi nyingine kumwona akitembea. Atakachorudia ni ushindi. Nanyi mnaijua pesa ya geti kuliko mimi: kodi ina chake, uwanja una chake, vyama vina vyao, na kinachofika kwa klabu ndicho kinachotakiwa kisafirishe timu mpaka Kanda ya Ziwa na kuirudisha.

Mjumbe mmoja alisema jikoni kwangu, huku anakula, kwamba staa ataleta pesa za jezi, kama Messi alivyofanya Inter Miami. Nilicheka nikamwaga mchuzi. Messi alikwenda Marekani Julai 2023 akiwa na miaka 36, sawa, lakini kule jezi inauzwa na klabu na washirika wake. Yetu inauzwa na nani? Tukimtangaza staa Ijumaa, Jumatatu jezi yenye jina lake itakuwa imetandikwa kwenye turubai chini, jina limekosewa herufi moja, na klabu haipati hata senti ya nauli ya bajaji. Nendeni mkazuie hilo kwanza, ndipo mje na habari za Messi.

Mfano unaofanana na wetu uko Ghana. Mwaka 2020 klabu ya Legon Cities ilimsajili Asamoah Gyan, mfungaji bora wa wakati wote wa timu yao ya taifa, akikaribia miaka 35. Habari zilizunguka Afrika nzima. Kisha majeraha, utimamu wa mwili, mechi chache tu, kwisha. Na yule ni Gyan. Huyu wetu hajafikia hata kumfungia Gyan kamba za viatu.

Umesema mkutanoni kwamba pesa si ya klabu, ni ya mfadhili, na mfadhili anasema ni ya staa tu, vinginevyo haitoi. Hapo ndipo panaponikosesha usingizi. Mfadhili atalipa ada ya usajili, na mshahara wa miezi mitatu. Mwezi wa nne nani? Nyumba yake mtaa wa Raskazone kodi nani? Maana hatalala kambini kwenye vitanda vya dabo deka pamoja na watoto wa mtaani Mabawa, hilo wakala kashalisema. Nina mpwa wangu anasoma sheria, kanisomea: kwa kanuni za FIFA mchezaji asipolipwa mishahara miwili, akishaandika barua na siku 15 zikapita, anaweza kuvunja mkataba na kudai haki yake, na klabu isiyolipa deni inaweza kufungiwa kusajili. Staa anaijua kanuni hiyo usingizini, ana wakala na mwanasheria. Kijana wa Mabawa asipolipwa anakuja jikoni kwangu.

Nao wanakuja. Wanakuja wakati wa kuosha vyombo, anajifanya anasaidia kusugua sufuria, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Mama Kambi, una elfu tano?" Mmoja mkewe kajifungua hospitali ya Bombo, alikuwa hana nauli ya kwenda kumwona mwanawe. Mshahara wa mwezi jana haujatoka, Mwenyekiti. Wa mwezi juzi ulitoka nusu. Na hao hao uliwaambia wasogee waangalie klipu, wakapiga makofi, kwa kuwa wana adabu.

Halafu kuna beki wetu wa kushoto. Umri wake miaka 19. Goti lake la kulia limevimba wiki ya tatu sasa. Unajua tunamtibu na nini? Barafu ya samaki. Kila jioni namtuma mtoto Deep Sea, kwenye samaki, akaombe vipande kwa wachuuzi, tunafunga kwenye kanga yangu kuukuu, anaweka gotini. Kambi nzima inanuka vibua. Wenzake wanamwita Kibua, naye anacheka, lakini nikimwona anavyoshuka ngazi kinyumenyume najua hacheki moyoni. Hakuna aliyempeleka kupiga picha ya goti. Mimi si daktari. Huenda ni kitu kidogo, huenda ni mshipa umekatika. Kwa sasa hakuna ajuaye, na Jumapili atapangwa kwa kuwa hatuna mwingine.

Nasema hivyo kwa sababu mtoto yule ndiye mali. Mji huu unajua. Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini pale Arusha, Abdul Suleiman Sopu wa Coastal Union aliifunga Yanga mabao matatu peke yake. Tatu kwa tatu, tukatolewa kwa penalti, na mpaka leo nikiikumbuka chakula hakipandi. (Ndiyo, mimi ni wa klabu hii, lakini siku ile Tanga nzima ilikuwa Coastal, asiyekubali asinunue sambusa zangu.) Baada ya hapo Azam wakamchukua. Kijana anauzwa, Mwenyekiti. Akienda nje akauzwa tena huko, kuna asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23, mpwa wangu kanisomea na hilo. Mzee wa miaka 37 utamuuzia nani?

Usidhani sijui uzuri wa mkongwe. Naujua kuliko wajumbe wako wote. Miaka minane nyuma alikuja hapa beki wa kati, 35 au 36, katoka timu kubwa, kaachwa. Hakuna aliyempokea stendi. Alifika kambini na begi moja, akaniuliza, "Mama, watoto wanakula saa ngapi usiku?" Nikamwambia saa nne. Akasema, hapana, mama, saa moja. Akakaa nami tukapanga upya: wali upungue usiku, samaki wa kuchemsha badala ya kukaanga, matunda kabla ya chai. Mimi nilinuna, nikidhani ananifundisha kazi. Saa tatu usiku kalala. Saa kumi na mbili asubuhi yuko uwanjani, kaenda na baiskeli ya kuazima, anawasubiri watoto. Siku ya mechi hakuwa anakimbia kabisa, alikuwa anapiga kelele. "Panda! Rudi! Mwache huyo!" Sauti ilifika kwenye beseni langu getini. Msimu ule tulifungwa mabao machache kuliko msimu wowote nilioupikia. Na alipoondoka alipita dukani kwa Mpemba akalipa deni la kambi, la sukari na unga, ambalo halikuwa lake.

Kwa hiyo kama huyu wenu ni wa namna hiyo, mleteni hata kesho, nitamchemshia samaki kwa mkono wangu. Kuna njia rahisi ya kumjua: mwambieni aje wiki mbili, afanye mazoezi na wenzake, alale kambini, alipwe kwa mechi atakayocheza, na kocha ndiye aseme ndiyo au hapana. Wakala akianza kukohoa mkimweleza hayo, mmeshapata jibu bila kutoa shilingi.

Na mfadhili aitwe kwenye mkutano wa wanachama, asimame, atuambie anataka nini. Kama anataka jina lake lionekane, basi dogo la timu lina ubavu mkubwa, aandike jina lake lote na la babu yake. Tutapita nalo Chumbageni, Ngamiani, mpaka Mikanjuni tukipiga honi. Nina hakika hajaombwa hilo. Nina hakika kaletewa picha ya staa tu, na yeye kama vijana kwenye jamvi, kaona chenga mbili na bao.

Lakini kabla ya staa, na kabla ya basi, lipa mshahara wa mwezi jana na nusu ile ya mwezi juzi. Na huyu mtoto wa goti apelekwe hospitali kabla ya Jumapili. Ukikosa gari nitampakia kwenye bajaji inayonibebea mkaa, dereva hatudai.

Mkutano ni Jumamosi saa nne. Nitachelewa kidogo kwa kuwa maharage hayaivi kwa ratiba ya wajumbe, ila nitakuja, na kadi yangu nitakuwa nayo mkononi. Mchele uliobaki ni wa siku mbili.

Wako,
Mama Kambi
Makorora, Tanga